Tazama vidole gumba kwanza: ugonjwa unaogeuza nyama kuwa mfupa

Mtoto akizaliwa, mkunga humhesabia vidole. Kumi mikononi, kumi miguuni, anaandika kwenye kadi, anamfunika. Uko ugonjwa mmoja ambao kuhesabu hakuuoni, kwa sababu vidole vyote vipo. Kilichopotoka ni umbo. Kidole gumba cha mguu ni kifupi kuliko kawaida na kimelala kuelekea kidole cha pili. Ukikishika ukajaribu kukikunja taratibu, hakikunjiki sawasawa, kwa kuwa kiungo chake cha ndani hakikuumbika vizuri. Miguu yote miwili hufanana. Mtoto mwenyewe haumwi: ananyonya, analala, anaongezeka uzito. Hiyo ndiyo alama ya kwanza, na kwa miaka kadhaa inaweza kuwa alama pekee, ya ugonjwa ambao baadaye hugeuza misuli na kano za mgongo, mabega na nyonga zake kuwa mfupa halisi.

Kitabibu unaitwa fibrodisplasia osifikansi progresiva, na wengi hufupisha kwa herufi FOP. Ni adimu mno. Makadirio yanacheza kati ya mtu mmoja kwa kila milioni moja na mtu mmoja kwa kila milioni mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, kwa makadirio hayo Tanzania nzima ingekuwa na wagonjwa 30 hadi 60 hivi, na mikoa sita ya Kanda ya Ziwa, yenye watu zaidi ya milioni 16, ingekuwa na 8 hadi 16. Daktari anaweza kufanya kazi Mwanza miaka 30 mpaka anastaafu asikutane na hata mmoja.

Kwa nini basi kuandika kirefu juu ya watu ambao kanda nzima hawajazi hata daladala moja? Kwa sababu sehemu kubwa ya madhara yanayowapata huletwa na watu wanaowapenda na wanaotaka kuwaponya: sindano ya paja, wembe wa kutumbua jipu, kinyama kilichokatwa kupelekwa maabara, mikono ya bibi anayechua kwa mafuta ya moto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahoji wagonjwa 138 kutoka nchi 25, ulikuta asilimia 87 waliambiwa kwanza kwamba wana ugonjwa mwingine, mara nyingi saratani. Asilimia 67 walikatwa vinyama vya kupima bila sababu. Asilimia 49, karibu nusu, walipungukiwa kwa kudumu na uwezo wa kusogeza viungo kwa sababu ya matibabu hayo. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Walitibu uvimbe walioujua, na hakuna aliyewavua watoto viatu.

Mfupa unatoka wapi

Mkono ukivunjika, mwili una utaratibu wake wa kuunga. Damu inaganda, chembechembe za kinga zinakuja kusafisha, tishu zenye nyuzi zinajazana mahali pale, tishu hizo zinageuka gegedu, kisha gegedu inabadilishwa polepole kuwa mfupa. Ndivyo pia mifupa mingi ya mtoto inavyojengwa tumboni mwa mama. Kwa mwenye FOP utaratibu huo uko vilevile, hatua kwa hatua, na unafanya kazi barabara. Tatizo ni mahali unapoanzia. Msuli ukigongwa au ukivimba, mwili unaacha kuunga msuli na kujenga mfupa. Mfupa huo mpya ukitazamwa kwa hadubini hauna kasoro: una mishipa ya damu, una uboho, na hata ukivunjika huunga kama mfupa mwingine wowote. Kwa hiyo usemi wa “nyama kugeuka mfupa” si wa kupamba. Ndicho kinachotokea.

Juu ya utando wa seli kuna vipokezi, ambavyo ni kama masikio ya seli. Kipokezi kinachohusika hapa hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo ACVR1, iliyoko kwenye kromosomu ya 2. Protini yake ni amino asidi 509 zilizotungwa kama shanga kwenye uzi. Kwa asilimia 97 hivi ya wagonjwa, shanga iliyobadilika ni moja na ileile: ya 206, ambapo palipaswa kukaa ajinini pamekaa histidini. Kosa lenyewe ni herufi moja ya jeni, ya 617, iliyopaswa kuwa G ikawa A. Herufi moja katika maandishi ya herufi bilioni tatu. Hayo yalitangazwa mwaka 2006 na kikosi cha watafiti kilichoongozwa na Eileen Shore na Frederick Kaplan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, baada ya miaka mingi ya kukusanya damu kutoka familia chache sana zilizojulikana duniani.

Kipokezi cha kawaida hutulia hadi kipate amri ya kujenga mfupa. Kina breki inayokishika kisijianzishe chenyewe. Cha mwenye FOP breki yake imelegea, lakini hilo peke yake lisingeeleza kwa nini mfupa huja kwa vishindo na si kila siku. Jibu lilipatikana mwaka 2015. Panapotokea jeraha au uvimbe, mwili hutoa kwa wingi protini iitwayo aktivini A. Kwa watu wengine aktivini A hukikalia tu kipokezi hiki bila kukiamsha. Kwa mwenye FOP inakiamsha. Taarifa inayosema “hapa pameumia” inafika kwenye seli ikisomeka “hapa pajengwe mfupa”.

Ukishaelewa hapo, mengine yote yanajieleza. Sindano ya msuli ni jeraha dogo ndani ya nyama. Kukata kinyama cha kupima ni jeraha kubwa zaidi. Kuchua kwa nguvu ni kupondaponda msuli. Na upasuaji wa kuondoa mfupa uliojitokeza, ambao kwa mtazamo wa kwanza unaonekana ndio jawabu, ni jeraha kubwa kuliko yote: mfupa ulioondolewa hurudi, mara nyingi mkubwa kuliko wa mwanzo.

Mwendo wa ugonjwa

Kwa kawaida uvimbe wa kwanza hutokea kabla ya umri wa miaka kumi. Mtoto anaamka na nundu nyuma ya shingo au mgongoni, ngumu kiasi, ya moto, inauma, pengine na homa kidogo. Jana haikuwepo. Nundu inaweza kuhama, ikanywea upande mmoja na kuchomoza upande mwingine ndani ya siku chache. Baadhi hunywea kabisa zisiache kitu. Nyingine hukauka polepole kwa majuma, na ukipapasa baada ya miezi miwili mitatu unagusa ubao chini ya ngozi pale palipokuwa na msuli.

Kunywea huko kumewapotosha wengi. Nundu ikiisha yenyewe baada ya mtoto kuchuliwa, mchuaji hupata sifa. Ikiisha baada ya sindano, sindano hupata sifa. Mara ya pili familia hurudi kwa yuleyule, na safari hii msuli uliopondwa unageuka mfupa. Hatuwalaumu wazazi. Yeyote angerudi pale alipodhani alisaidiwa.

Mfupa hufuata njia yake: mgongo kabla ya kifua na tumbo, sehemu za juu kabla ya za chini, mabega kabla ya viganja, nyonga kabla ya nyayo. Shingo huwa ngumu mapema sana, hata kabla ya nundu yoyote, kwa sababu viungo vya pingili za shingo mara nyingi huzaliwa vimeshikana. Ndiyo maana baadhi ya watoto hawa hawatambai kwa magoti. Hujisogeza kwa matako, kwani hawawezi kuinua kichwa. Karibu nusu yao wana pia kidole gumba cha mkono kilicho kifupi. Karibu nusu hupungukiwa usikivu.

Moyo haugeuki mfupa. Wala ulimi, wala kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, wala misuli inayozungusha macho, wala misuli laini ya utumbo. Mtu anaweza kufika mahali ambapo mgongo, mabega, viwiko, nyonga na taya vyote vimefungwa, akili yake ikiwa timamu kabisa na ulimi wake ukiongea. Wengi huhitaji kiti cha magurudumu katika miaka yao ya ishirini. Kinachofupisha maisha mara nyingi ni kifua: mbavu zikishikana haziwezi kutanuka, pumzi inakuwa fupi, na nimonia ambayo mwingine angeishinda inakuwa hatari kubwa. Hata hivyo wako waliofika miaka ya hamsini na zaidi.

Katika jumba la makumbusho la Mütter mjini Philadelphia kuna mifupa ya Harry Eastlack, aliyefariki mwaka 1973 siku chache kabla ya kutimiza miaka 40. Mwishoni alikuwa anaweza kusogeza midomo tu. Aliomba mwenyewe mwili wake utolewe kwa ajili ya utafiti. Mifupa ya mtu mwingine ikishatolewa nyama husambaratika, inabidi ifungwe kwa waya ili isimame. Ya Eastlack sehemu kubwa inasimama yenyewe, kwa kuwa tanzu na vipande vya mfupa mpya vimeunganisha fuvu na mgongo, mgongo na mabega, mbavu na nyonga. Wanafunzi wa udaktari wamejifunza kwake kwa miongo kadhaa.

Watu huuliza kama ugonjwa huu unaambukiza au unarithiwa. Hauambukizi kwa namna yoyote. Mara nyingi sana wazazi wote wawili ni wazima na badiliko la jeni limetokea upya kwenye yai au mbegu, bila kosa la mama, bila kosa la baba, bila mkono wa jirani. Mgonjwa akizaa, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Wanaume na wanawake huupata sawa, na haubagui kabila wala bara.

Kwa nini ukanda wa ziwa una mitego yake

Daktari wa Mwanza akiletewa mtoto mwenye uvimbe ana sababu nzuri za kufikiria mambo mengine kwanza, na anafanya vizuri kuyafikiria. Ukanda huu wa malaria ndio wa saratani ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Inakua kwa kasi ya kutisha, hupenda taya na tumbo, na ikiwahiwa hutibika. Kuchelewa kuipima ni kosa la kuua. Selimundu nayo imeshamiri Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingine za nchi, na huvimbisha mikono na miguu ya watoto wadogo. Jipu la ndani ya msuli ni la kawaida katika nchi za joto. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hutoa kibyongo. Kila mojawapo ina haraka yake na dawa yake, na kipimo cha kadhaa kati ya hayo huanza na kisu au sindano nene.

Hatusemi kisu kiwekwe kando. Tunasema kabla ya kukishika, mvue mtoto viatu. Hatua hiyo haina gharama na haichukui dakika. Vidole gumba vya miguu vikiwa vimenyooka, vina urefu wao na vinakunjika, endelea na uchunguzi wako kama kawaida. Vikiwa vifupi na vimelala ndani, miguu yote miwili, na mtoto ana nundu ya shingo au mgongo, simama hapo. Piga picha ya eksirei ya miguu, ambayo hata hospitali ya wilaya inaiweza, utazame kiungo cha chini cha kidole gumba. Piga ultrasaundi ya nundu: haichomi mtu. Jipu litaonyesha dimbwi la usaha. Nundu ya FOP huonyesha msuli uliovimba bila dimbwi. Eksirei ya nundu yenyewe wiki ya kwanza haitaonyesha mfupa, kwa hiyo isiwe ya kukutoa wasiwasi.

Mchanganyiko mwingine unatokea kliniki za mifupa. Vidole vilivyolala ndani huweza kuonwa kama aina ya miguu kifundo, mtoto akaandaliwa kwa upasuaji wa kunyoosha. Kwenye mguu kifundo wayo mzima umepinda na kisigino kimegeuka. Kwenye FOP wayo uko sawa, ni kidole gumba peke yake.

Tena taya. Mtu aliyefungwa taya akifika hospitalini na jeraha, wazo la kwanza ni pepopunda, na kinachofuata ni sindano za msuli moja baada ya nyingine. Wazo hilo ni sahihi kwa wagonjwa karibu wote. Lakini kwa mtu ambaye taya lake limefunga taratibu, hana mishtuko ya mwili mzima, na mgongo wake umekuwa ubao kwa miaka, tazama vidole.

Uthibitisho wa mwisho ni kipimo cha jeni ya ACVR1, kwa damu ya mshipa au mate. Kinaweza kuhitaji sampuli kusafirishwa mbali na majibu kusubiriwa. Vidole na nundu pamoja vinatosha kumlinda mtoto wakati mnasubiri, na hapa ndipo rufaa ya Bugando, au hospitali yoyote yenye bingwa wa watoto, inapokuwa na maana: mtu mmoja awe na jalada lote, ili mtoto asianze upya kila dirisha.

Sindano, moja moja

Sindano ndiyo hatari ya kila siku, kwa hiyo tuichambue kwa utulivu. Zipo njia tatu ambazo ni salama kwa kiasi kikubwa: chini ya ngozi, ndani ya ngozi, na kwenye mshipa wa damu. Kuchukua damu mkononi kunaruhusiwa, mradi kamba isifungwe kwa muda mrefu na mchomaji asichimbechimbe. Kutoboa kidole kwa kipimo cha malaria hakuna shida. Dripu ni sawa. Inayokatazwa ni ile inayozama ndani ya msuli: paja, tako, bega.

Sasa fungua kadi ya kliniki. BCG hupigwa ndani ya ngozi ya bega la kulia. Matone ya polio na ya rota humezwa. Chanjo ya surua na rubela, miezi 9 na miezi 18, hupita chini ya ngozi. Zenye shida ni za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pentavalenti na ile ya nimonia, zinazochomwa mapajani, pamoja na ya polio ya sindano. Kwa mtoto ambaye FOP inashukiwa kwa vidole vyake, wataalamu hushauri chanjo inayoweza kupita chini ya ngozi ipitishwe huko, iwe wakati hana nundu yoyote, na kama amepata nundu isubiriwe wiki 6 hadi 8 baada ya kutulia. Uamuzi huo ni wa daktari wa watoto, si wa foleni ya asubuhi.

Hili lisisomwe kinyume. Mama ambaye mtoto wake ana vidole vya kawaida hana sababu yoyote ya kuikimbia sindano ya paja. Pepopunda, kifaduro na nimonia vinaua watoto wengi. FOP inampata mmoja katika milioni. Hata kidole gumba kilichopinda, mara nyingi ni kupinda tu. Tunachoomba ni kipimwe kabla, basi.

Baada ya utoto hatari huhamia dukani. Mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo akiingia duka la dawa ataambiwa achomwe diklofenaki ya tako ili apone haraka. Kwa mwenye FOP sindano hiyo inaweza kuzaa mfupa wa tako, na mtu asiyeweza kukaa ameongezewa kifungo. Penisilini za tako vivyo hivyo, na sindano ya uzazi wa mpango inayoingia msulini. Malaria kali hutibiwa kwa artesuneti ya mshipa. Isiyo kali kwa dawa mseto ya kumeza. Karibu kila dawa ya msuli ina mbadala wa kumeza au wa mshipa, ila lazima mtu aulize.

Kwa daktari wa meno: sindano ya kufisha ganzi taya lote la chini, ile inayozama nyuma kabisa ya kinywa, ndiyo inayojulikana kwa kufunga taya moja kwa moja. Wala mdomo usitanuliwe kwa nguvu. Kinga ni rahisi kuliko tiba: mswaki mdogo, dawa ya meno yenye floraidi, soda kidogo, tangu utotoni.

Nundu ikija

Weka eneo lipumzike. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa husaidia maumivu. Usikande kwa maji ya moto, usichue, usivute kiungo ili “kisikaze”. Kunyoosha kwa lazima ni kuchana nyuzi za msuli. Mazoezi ya viungo ya kuvutwa na mtu mwingine, ambayo kwa magonjwa mengi ni dawa, hapa ni sumu. Wala chale zisichanjwe juu ya nundu.

Dawa inayotumika zaidi ni prednisoloni, ndani ya saa 24 za kwanza, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 4, bila kuzidi miligramu 100. Mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 30, yaani vidonge 6 vya miligramu 5, asubuhi baada ya kula. Hutolewa nundu ikiwa kwenye viungo vikubwa vya mikono na miguu, kwenye taya au chini ya kidevu. Kwa nundu za mgongo na kifua kwa kawaida haitolewi, maana huanza kimya na ni vigumu kujua saa yake ya kwanza. Daktari ndiye anayeandika, akishajiridhisha kwanza kuhusu malaria, kifua kikuu na minyoo, kwa sababu dawa hii hupunguza kinga, na huku kwetu hayo yote hayako mbali. Familia zinazokaa mbali, mathalani visiwani Ukerewe ambako safari ya kufika mjini inategemea ratiba ya kivuko, ziombe maelekezo yaliyoandikwa mapema. Saa 24 huisha haraka.

Uvimbe chini ya kidevu unaozuia kumeza au kupumua ni dharura. Usiku huohuo, hospitali.

Juu ya dawa mpya: palovarotini iliidhinishwa Kanada mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023, kwa wasichana kuanzia miaka 8 na wavulana kuanzia miaka 10. Hupunguza mfupa mpya, haiondoi uliokwishajengwa. Huweza kufunga mapema sehemu za kurefuka za mifupa ya watoto, na huharibu mimba. Kingamwili za kuizima aktivini A zimefanyiwa majaribio pia. Mwaka 2020 majaribio yalisimamishwa baada ya vifo vya baadhi ya washiriki, kisha utafiti ukaendelea. Tumaini lipo na ni la haki, lakini mtu anayekuuzia leo chupa ya kuyeyusha mfupa uliokwishajengwa anakuibia.

Nyumbani, shuleni, ziwani

Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba za vilimani hufikiwa kwa ngazi za mawe na vichochoro vyenye mteremko, na mtoto mwenye mabega yaliyokaza hawezi kutanguliza mikono akianguka: hutua kwa uso au kisogo. Reli ya mbao ukutani, taa kwenye ngazi, viatu visivyoteleza na kofia ngumu ya michezo kwa watoto wadogo ni vifaa vya tiba kabisa. Kwenye bodaboda, kama hapana budi, kofia ngumu na mwendo wa pole.

Shuleni mwalimu mkuu apewe barua ya daktari mapema, siku ya kwanza. Mtoto huyu hapigwi kiboko, kwa sababu fimbo moja ya mgongoni inaweza kumfunga mgongo. Habebi ndoo ya lita 20, kwani hata kuchosha msuli kupita kiasi ni kichocheo. Hakimbii mchakamchaka wala hasukumwi mstarini. Darasani anabaki na wenzake. Kinachougua hapa ni misuli, na masomo yake hayana sababu ya kusimama.

Kuogelea polepole kwenye maji ya uvuguvugu kunashauriwa kwa wagonjwa hawa, maana maji hubeba mwili na kifua hufanya kazi. Lakini kingo za Ziwa Viktoria zina kichocho, kwa hiyo maji ya mwaloni si mahali pake. Mbadala mzuri upo karibu kila mtaa: kuimba. Kuimba kwa pumzi ndefu hutanua mapafu kadiri mbavu zinavyoruhusu, na nafasi katika kwaya haihitaji mtu ainue mikono. Mafua makali nayo huamsha nundu, hivyo wanaoishi naye wakiwa na mafua wakae mbali naye kidogo na kunawa mikono. Kikohozi chenye homa na pumzi fupi kisisubiri kesho.

Akilazimika kufanyiwa upasuaji wa dharura, wa kidole tumbo au wa uzazi, mtaalamu wa usingizi ajulishwe kabla ya kugusa kichwa. Shingo haikunjiki, taya linaweza kufungwa na jaribio moja la kulipanua, na mpira wa hewa kwa kawaida hupitishwa puani kwa kifaa chenye kamera, mgonjwa akiwa bado macho. Kazi hiyo inahitaji hospitali kubwa na mtu aliyezoea, na ni bora kujua mahali hapo panapatikana wapi wakati kila mtu ni mzima.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kliniki, kwa kalamu nyekundu, mzazi aandike, na nakala ikae kwenye begi la shule na nyingine kwa jirani anayemwangalia mtoto:

ANA FOP. ASICHOMWE SINDANO YA MSULI. ASIKATWE KINYAMA CHA KUPIMA. ASICHULIWE WALA KUNYOOSHWA VIUNGO. ASITANULIWE MDOMO KWA NGUVU. DAMU NA DAWA ZIPITE KWENYE MSHIPA. PIGA SIMU KWA DAKTARI WAKE KABLA YA LOLOTE.

Chini yake namba ya simu, na tarehe ya mara ya mwisho ilipohakikishwa kwamba inapatikana.